Shingo ya gitaa la umeme imechakaa: nikwangue yote au nizibe palipolika?

Nyuzi_Sita (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nina gitaa la solo la umeme, shingo ya kufunga kwa skrubu nne. Shingo yote ni mepoli, mgongo na ubao wa vidole ni mti uleule mweupe, hakuna kibao cheusi kilichobandikwa juu. Aliyekuwa nalo kabla yangu alikuwa analipiga kwelikweli. Kuanzia freti ya kwanza mpaka ya saba hivi (freti ni vile vyuma vya mkingamo kwenye ubao wa vidole), chini ya nyuzi nyembamba, vanishi imekwisha na mti umegeuka kijivu. Mgongoni panapopita kidole gumba pamebaki mti mtupu, laini ajabu, ila kandokando yake vanishi iliyobaki inanata nikitoka jasho. Nyuma karibu na freti ya tano kuna kibonyeo, pamegongwa na kitu, nakihisi kila nikipanda na kushuka. Freti za mwanzo zimechimbika chini ya uzi wa kwanza na wa pili. Na skrubu moja ya kushikia shingo inazunguka bure, haishiki.

Mpango wangu ulikuwa kuazima mashine ya msasa, nishushe kila kitu hadi mti mweupe, halafu nipulize vanishi mpya ing'ae. Jamaa ninayepiga naye kaniambia nikifanya hivyo nimeua gitaa. Hakufafanua. Mwenye kuzijua hizi kazi aniongoze kabla sijaanza.

Chale_Laini

Iweke chini hiyo mashine mkuu, taratibu, usiiamshe. Naweka kambi hapa nasubiri mafundi.

Fundi_Tupa

Jamaa yako yuko sahihi, ngoja nimfafanulie.

Unene wa shingo mgongoni, mviringo wa ubao wa vidole, na kisigino kinachoingia mwilini, vyote vimekatwa kwa vipimo. Mashine ya msasa haivijui. Mgongoni inaacha mabonde ambayo jicho halioni, lakini kidole gumba kitayakuta kila ukipiga. Ikipita kwenye kisigino, shingo inaanza kucheza ndani ya mfuko wake. Mbele ndiyo usithubutu kabisa. Ubao wa vidole umevimba katikati: kwenye magitaa ya zamani ya kampuni ya Fender nusu kipenyo cha mviringo huo ni inchi 7.25, karibu milimita 184, na nyingi za siku hizi ni inchi 9.5. Ukipitisha kitu bapa hapo umeupoteza. Na ukisugua kwa pupa kati ya freti na freti unachimba mtaro.

Anza kwa kujua hapo pamepakwa nini, maana ndiko kunakoamua kama kiraka kitaonekana au hakitaonekana. Laka ya nitroselulosi inakauka kwa thina yake kuruka tu. Hata iwe ya miaka mingi, ukiipiga mkono mpya, ya zamani inalainika na zote mbili zinakuwa tabaka moja. Poliyurethani na poliesta zinaganda kwa mmenyuko wa kikemia na zikishaganda zimeganda. Mkono mpya unakaa juu ya wa zamani bila kuyeyukiana, kwa hiyo ukija kusugua hadi ukatoboa tabaka la juu, mstari wa mpaka unajitokeza na hauondoki.

Namna ya kupima: fungua shingo, tafuta pasipoonekana, mfano chini ya kikazio cha uzi au ukingoni mwa kisigino. Chukua pamba ya kijiti, tone la asetoni, gusa kidogo. Ikilainika na pamba ikatoka na rangi, ni laka. Isipotikisika, ni mojawapo ya hizo poli. Ikilainika kwa spiriti peke yake ni shelaki, ile vanishi ya utomvu wa wadudu, ingawa kwenye gitaa la umeme hilo ni nadra.

Kuna mtego mmoja. Fender walihamia poliesta mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini uso wa kichwa waliendelea kuupaka laka kwa sababu stika ya jina haikupatana na poliesta. Shingo moja, vitu viwili. Pima pale unapotaka kufanya kazi, usipime kichwani ukahukumu mgongo.

Na kama ni gitaa la miaka ya 1950 au 1960 ambalo halijawahi kuguswa, lirudishe kwenye kasha lake na mjadala huu uishie hapa. Wakusanyaji wanalipia uchakavu wa asili. Ukilipaka upya thamani inaporomoka hapohapo.

Nyuzi_Sita

Asante fundi. Si la zamani kiasi hicho, na limeshafunguliwa sana, hata skrubu zenyewe hazifanani. Nimepima kwenye kisigino na mgongoni: pamba imetoka na unjano na pale nilipogusa panateleza teleza. Kwa hiyo ni laka?

Fundi_Tupa

Ni laka. Umebahatika, kazi yako ni nusu ya ile ya mwenye poliesta. Na kule kunata kandokando ni tabia yake: jasho na mafuta ya mikono vikiishambulia miaka mingi inalainika.

Besi_Tulivu

Kama ni laka, iondoe mgongoni tu, paka mafuta, maisha yaendelee. Sielewi kwa nini watu wanateseka na kupuliza. Mpiga gitaa Eddie Van Halen alijulikana kwa kupenda shingo za mepoli zisizo na vanishi mgongoni, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba alikuwa anachelewa.

Unachofanya: msasa namba 320 kwa mkono, kwa urefu wa shingo, usipite mkingamo. Vanishi ikitoka ingia 400, kisha 600. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, nyuzinyuzi za mti zitasimama, acha pakauke, sugua tena kwa 600 mpaka zilale. Baadaye mafuta ya tang, yale ya mbegu za mti, au Tru-Oil, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya vitako vya bunduki. Paka kidogo sana, subiri dakika kadhaa, futa yote mpaka uone kama hujapaka kitu. Kesho yake rudia. Mikono mitatu au minne inatosha. Haihitaji kompresa wala chumba maalumu, mkono haunati, na pakichakaa unaongeza mkono mmoja siku hiyohiyo.

MamaSolo

Besi, yote sawa ila umeruka jambo linaloweza kuunguza nyumba. Mafuta ya tang na ya kitani yanakauka kwa kuvuta oksijeni, na yanapokauka yanatoa joto. Tambara lenye mafuta ukilikunja ukalitupa kwenye ndoo ya taka, joto linakosa pa kutokea na tambara linajiwasha lenyewe bila moto wowote kuwa karibu. Ukimaliza litandaze nje, bapa, tabaka moja, mpaka likauke kabisa na kuwa gumu. Au litose ndani ya kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

Pili, mafuta yabaki mgongoni. Ubao wa vidole wa mepoli ukiupaka mafuta tu, nyuzi na kucha zinayatoa upesi na kijivu kinarudi. Tena siku ukibadili mawazo utake laka juu yake, inaweza kukataa kushika.

Besi_Tulivu

Matambara nimekubali, mama yetu. Mbele sikusema mbele!

Swali_Dogo

Samahani nadandia uzi wa watu. Mimi gitaa langu lina kibao cheusi cha rozwudi juu ya shingo ya mepoli, nacho kimepauka. Nikipake vanishi?

Fundi_Tupa

Hapana. Rozwudi ina mafuta yake ya asili na haihitaji vanishi ya juu. Isafishe, futa na mafuta kidogo ya limau ya mbao au ya madini, subiri, kausha, umemaliza. Fender waliileta kwenye gitaa lao la Jazzmaster mwaka 1958 na mwaka uliofuata wakaiweka kwenye Stratocaster na Telecaster, na sababu inayotajwa sana ni hiihii ya mwanzisha uzi: mepoli ikilika inaonekana chafu, rozwudi ikilika hata hujui. Ila ukisugua rozwudi vaa barakoa, vumbi lake linawaletea watu wengine mzio.

Kidole_Gumba

Mimi ningetaka kujua kwa nini mwanzisha uzi afanye chochote. Mti mtupu mgongoni anasema mwenyewe ni laini ajabu. Kuna watu wananunua gitaa jipya na kulipia zaidi lichakazwe makusudi kiwandani. Mpiga gitaa Rory Gallagher alipiga Stratocaster yake ya 1961 mpaka rangi ya mwilini ikaisha karibu yote na hakuna aliyemwambia akapake rangi.

MamaSolo

Ndugu yangu Kidole_Gumba, mgongoni nipo na wewe nusu. Palipo laini paache palivyo, paka kinga nyembamba tu. Ila mepoli tupu inanyonya jasho, na mti unaonyonya na kukauka kila siku unatembea. Leo shingo imenyooka, kesho imepinda. Mbele ni zaidi, kwa sababu kile kijivu ni uchafu, jasho na kutu ya nyuzi vimeingia ndani ya mti, na kila ukipiga unaongeza.

Mwanzisha uzi, sasa nikwambie mimi ningeifanyaje hiyo yako. Sitashusha vanishi yote. Laka nzuri iliyobaki ni msingi wa bure.

Vua nyuzi, fungua shingo, toa vikazio vyote na uweke skrubu zake kwa mpangilio. Funika kichwa upande wa stika kwa utepe wa karatasi na usikiguse tena mpaka mwisho. Kwa kuwa shingo iko mbali na mwili unaweza kutumia stiliwaya laini ile ya sifuri nne. Ukiitumia gitaa likiwa zima, vumbi la chuma linavutwa na sumaku za pikapu, vile vinasa sauti vya mwilini, na hutalitoa maisha.

Kusafisha. Pitisha nafta, ile petroli nyepesi ya kujazia viberiti vya chuma, kwa kitambaa. Inatoa mafuta ya mikono bila kuidhuru laka. Pale mbele penye kijivu anza na hiyo kwa mswaki laini. Sehemu itatoka, sehemu itabaki. Iliyobaki kuna asidi ya oksaliki, unga mweupe unaokorogwa kwenye maji ya moto, ndio dawa ya madoa ya kutu kwenye mbao. Paka kwa brashi ndogo kwenye mti mtupu tu, usiloweshe, maana maji yakizama kwenye mifereji ya freti yanavimbisha mti. Acha robo saa, futa kwa kitambaa chenye maji safi mara kadhaa, kausha hadi kesho. Ni sumu: glovu na miwani, na usisugue msasa juu ya unga wake uliokauka. Usitegemee pawe peupe pote. Patarudi rangi ya mti wenye umri, na hiyo ndiyo nzuri. Anayetaka peupe kabisa ndiye anayeishia kuchimba mtaro alioutaja Fundi_Tupa.

Kibonyeo. Hapa watu hukimbilia kujaza, kumbe mti uliobonyea haujapungua, umeshindiliwa. Unahitaji mvuke. Laka ya juu yake iondoe kwanza kwa msasa mdogo, kwani mvuke haupiti kwenye vanishi. Weka kitambaa cha pamba chenye maji, gusa kwa ncha ya chuma cha kulehemu waya au pasi ya nguo, sekunde chache, inua, tazama, rudia. Mti utavimba na kurudi. Kama nyuzinyuzi zilikatika badala ya kushindiliwa, hautarudi wote. Hapo ndipo unadondosha supagluu, unaisubiri igande, unaikwangua kwa wembe hadi iwe sawa na uso. Zungushia utepe kwenye wembe uache katikati tu wazi, ndipo usikate pembeni. Angalizo: kama shingo ina ule mstari wa mti mweusi mgongoni, huo ni kipande kilichogundishwa kuziba njia ya fito ya chuma iliyo ndani ya shingo ya kuinyooshea, kwa hiyo usikae na joto juu yake.

Nyuzi_Sita

Mstari mweusi upo, kibonyeo kipo pembeni yake, sio juu. Nitakuwa makini. Freti je? Nizisawazishe kabla ya laka au baada?

Fundi_Tupa

Kabla. Na kabla ya freti, nyoosha shingo. Kaza au legeza fito ya ndani mpaka rula ya chuma ikilala juu ya freti bila kuacha mwanga katikati. Usizidishe robo ya mzunguko kwa mara moja. Ikikugomea usiilazimishe, nati ikikatika humo ndani utatamani ungekuwa na tatizo la vanishi.

Funika ubao wote kwa utepe, ziache freti tu wazi. Paka kila freti wino wa maka peni. Pitisha boriti iliyonyooka yenye msasa 320 kwa urefu, ukifuata njia za nyuzi, mpaka wino ufutike kwenye freti zote na vishimo viishe. Hapo freti zitakuwa bapa juu, na freti bapa inatoa sauti ya kukwaruza na tuni isiyo sahihi, kwa hiyo zirudishie mgongo wa mviringo kwa tupa ya freti, halafu 600, 1000, 2000, na stiliwaya mwisho. Kama vishimo vimekwenda zaidi ya theluthi ya urefu wa freti, acha kusawazisha, ng'oa hizo chache na uweke mpya. Ukitaka kuzing'oa fanya kabla ya laka, na uzipashe joto kwanza kwa chuma cha kulehemu, la sivyo mepoli inabanduka vipande kandokando ya mfereji.

Chuma cha freti zenyewe, kwa asiyejua, ni aloi ya shaba, zinki na nikeli. Jina lake la Kizungu lina neno fedha ila fedha haimo. Ni laini kuliko nyuzi za chuma, ndiyo maana inachimbika.

Chale_Laini

Haya ndiyo madini sasa. Laka yenyewe inapigwaje?

MamaSolo

Mkono wa kwanza mimi huwa napiga shelaki isiyo na nta, kwa kitambaa, kwenye mti mtupu. Inashika karibu kila kitu na karibu kila kitu kinaishika, kwa hiyo hata kama kuna mabaki ya supagluu au mafuta hutapata shida. Shelaki ya rangi ya kaharabu inasaidia pia kufananisha mti mpya na ule wa njano wa zamani. Paka kidogo kidogo, ni rahisi kuongeza unjano kuliko kuutoa.

Kisha laka ya kopo la kupuliza, mikono myembamba, unapita haraka na kuanza kupuliza kabla hujafika kwenye shingo na kuacha ukishaivuka. Mikono mitatu kwa siku inatosha, saa moja au mbili kati yake. Siku ya mvua au unyevu mwingi usipulize: thina ikiruka inapoza uso, unyevu wa hewani unanaswa ndani na laka inatoka na ukungu mweupe. Ikitokea, subiri siku kavu upulize mkono mwembamba wenye thina nyingi, kwa kawaida ukungu unaachia.

Freti zitapata laka juu yake. Usiogope. Fender wenyewe walikuwa wanapuliza juu ya freti kwenye shingo za mepoli. Ikikauka, kwangua juu ya freti kwa ukingo wa wembe, itatoka yenyewe.

Usalama: barakoa ya kichujio cha mkaa, sio ya kitambaa, mlango wazi, na hakuna moto, sigara wala swichi inayotoa cheche. Nitroselulosi inawaka kwa hasira.

Halafu sehemu ngumu kuliko zote, kusubiri. Wiki tatu hadi nne kabla ya kung'arisha. Inusie pua karibu. Kama bado inanuka thina, bado. Na usiiegemeze kwenye stendi yenye mpira, mpira huyeyusha laka.

Poli_Ngumu

Na sisi wenye poliesta ambayo imebanduka kipande kimoja kisigino hadi freti ya tatu tufanyeje?

Fundi_Tupa

Wewe usishushe yote isipokuwa una muda na mikono ya chuma. Dondosha supagluu nyembamba kuzunguka ukingo uliobanduka, iingie chini ya vanishi na kuikamata, kisha jaza pengo tone kwa tone, kila tone ligande. Kwangua, sugua 800 hadi 2000, ng'arisha. Kiraka kitakuwepo, ila kidole hakitakigundua. Ukishindwa ndipo tuongelee bunduki ya hewa moto na kikwangulio, na hapo lazima uwe mwangalifu, joto likizidi linaachia gundi ya freti na ya ubao.

Nyuzi_Sita

Nimeamua hivi: mbele nafuata njia ya MamaSolo nzima. Mgongoni nasugua tu ile laka inayonata mpaka iungane vizuri na mti mtupu, shelaki, laka mikono michache, na mwisho naondoa mng'ao kwa stiliwaya ili isishike jasho. Besi usinichukie. Imebaki skrubu. Kuna mtu kasema nijaze vijiti vya meno na gundi.

Besi_Tulivu

Sikuchukii, utarudi kwenye mafuta mwenyewe.

Fundi_Tupa

Vijiti vya meno vitakuvusha onyesho la Jumamosi, havitakufikisha mwakani. Toboa tundu la shingo liwe safi na la mviringo, chonga kizibo cha mti mgumu, mepoli ikipatikana, na ukikate ili nyuzi za mti wake zielekee sawa na za shingo. Skrubu ikiingia kwenye kichwa cha nyuzi za mti inashika kwa udhaifu, na vile vizibo vya mviringo vya dukani karibu vyote viko hivyo. Gundi ya mbao, subiri hadi kesho, sawazisha.

Funga shingo mahali pake, nyoosha nyuzi ya kwanza na ya sita zikae sawa pembeni mwa ubao, ndipo uweke alama ya tundu jipya kupitia mwilini. Keekee yenye unene wa mwili wa skrubu bila meno yake. Funga utepe kwenye keekee kuonyesha kina, usije ukatokea upande wa freti. Sugua sabuni kavu kwenye skrubu. Na tazama tundu la mwilini: skrubu ipite humo bila kushika, ishike kwenye shingo pekee. Ikishika pote, unaweza kukaza mpaka uchoke na shingo isikae chini vizuri.

Ukishaweka nyuzi na kutuni, bana freti ya kwanza kwa kapo, kile kibanio cha nyuzi, bonyeza uzi wa sita shingo inapoungana na mwili, na upime pengo juu ya freti ya saba au ya nane kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia pengo. Milimita 0.2 hadi 0.3 ni pazuri pa kuanzia. Kama nati ya fito iko upande wa kisigino utalazimika kulegeza shingo kila unapoirekebisha, kwa hiyo usiweke nyuzi mpya siku ya kwanza, tumia zile za zamani mpaka itulie.